Tuta Walilosema Limezama

Mwaka mzima hatutakiwi hata kuegemea uzio wao, halafu inafika siku moja wanatuita majirani. Siku hiyo geti la hifadhi linafunguliwa bure. Wanaleta spika, maji ya chupa, kofia zenye picha ya ndege, na mtu yeyote wa mitaa inayopakana na kinamasi anaruhusiwa kutembezwa humo ndani kutwa nzima. Miaka yote sikwenda. Nikatembezwe mahali nilipopita na baiskeli tangu sijaota ndevu? Huko si ni kumwingiza mtu chumbani kwake ukamwonyeshe kitanda?

Safari hii nilikwenda, na kilichonipeleka ni nguzo.

Pembeni ya geti, ndani ya maji, wamesimika nguzo ya kupimia kina, imepakwa mistari ya rangi kama soksi ya mchezaji. Siku mke wangu alipokufa, maji yalikuwa kwenye mstari mwekundu. Hilo sikuhadithiwa. Nilisimama hapo namwomba askari afungue, na nguzo ilikuwa mbele yangu, na mtu akifikwa macho yake hushika kitu kimoja tu yakakiganda. Tangu hapo kila siku ya majirani ikikaribia nakwenda kuchungulia. Mara maji yako chini, mara yamepanda kupita kiasi. Mwaka huu nikayakuta palepale, kwenye wekundu. Nikarudi nyumbani nikatafuta suruali ya kuharibu.

Nieleze vizuri, maana wengine mtakaosoma hamkuwapo. Katikati ya kinamasi kuna tuta. Wazee wetu walilijaza kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, kutoka mtaani kwetu hadi ng'ambo, na ng'ambo ndiko iliko zahanati. Kwa tuta unafika chai haijapoa. Kwa barabara unazunguka kinamasi chote, unapita matanuru ya matofali, unapita na kule kwenye daraja la lori moja moja. Mimi ni fundi baiskeli, na nusu ya baiskeli nilizotengeneza zilikuwa za watu wa tutani. Ikaja hifadhi. Wakasema tunawasumbua ndege. Wakaweka geti, na geti likatiwa mnyororo.

Mke wangu alikuwa na kifua. Siku hiyo kilimbana mchana, jua kali, anavuta hewa haiji. Nikamweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikamfunga kwa kanga kiunoni mwangu, nikasukuma hadi getini. Askari akasema, "Mzee wangu, nimekatazwa. Amri ya mhifadhi mkuu. Tuta limezama." Nikamwambia nifungulie nizame mwenyewe. Akalia yule askari, lakini hakufungua. Tukatafuta gari, tukazunguka. Kwenye matanuru ya matofali mke wangu akaniegemea vizuri, nikadhani amepata nafuu.

Baadaye ukaitishwa mkutano. Mhifadhi mkuu, shati limenyooshwa mpaka linakata, akasimama akasema, "Tunampa pole jirani yetu. Lakini tuwe wakweli, hata geti lingekuwa wazi, tuta lilikuwa limezama. Asingefika." Watu wakatikisa vichwa. Na adhabu ikapatikana, maana lazima apatikane mtu: wakamfukuza kazi yule askari. Eti angetumia busara. Amri ni yao, busara iwe ya askari! Nikaja kumkuta anauza mkaa stendi, akaniona, akageuza uso. Mimi sikuwa nimemtaka yeye.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu, na ndicho nilichokifuata siku hiyo ya majirani. Maji yakiwa kwenye mstari mwekundu, mtu anapita tutani au hapiti? Kama hapiti, basi mhifadhi mkuu alisema kweli nami nifunge mdomo, nimechosha watu. Kama anapita, nitamwambia mbele ya spika yake mwenyewe.

Aliyetuongoza alikuwa binti mdogo, mwembamba, mabuti ya mpira yanamcheza miguuni. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba ndiyo kwanza wamempa kundi la peke yake. Akatupanga karibu na nguzo.

"Jamani majirani, karibuni. Humu tunatembea wawili wawili. Kila mtu ana mwenza wake. Tukifika kibandani nitauliza, mwenza yupo? Nawe unamjibia mwenzako, si unajijibia mwenyewe. Mtu akipotea yeye hawezi kusema nimepotea, sawa?"

Watu wakacheka. Wakaanza kuchaguana. Palikuwa na maharusi, bado wapya, wameshikana mikono kama watu wanaovuka barabara. Palikuwa na fundi cherehani mmoja mnene aliyejitundikia darubini kubwa shingoni, huyo tayari wameshampa jina, Darubini, akaenda na shemeji yake. Mama mmoja na dada yake wakaenda pamoja wakiwa hawajamaliza kugombana. Wengine wakashikana vivyo hivyo. Nikabaki mimi, nimesimama na kofia yangu ya bure mkononi kama niliyekuja kuomba kazi.

"Baba huna mwenza?" binti akaniuliza.

"Ninaye," nikasema. "Hakuja."

"Basi mimi ndiye mwenza wako leo. Usiniache."

"Ukitembea taratibu, sikuachi."

Tukaenda. Wamejenga njia ya mbao juu ya maji, ina kamba pande zote mbili, unatembea hulowi hata kisigino. Matete yamesimama kushoto na kulia marefu kuliko mtu. Nisiwe mnyimi wa kweli, pazuri. Yangeyange weupe wamejaa kama nguo zilizoanikwa. Binti anasema kwa sauti ya chini, huyu ni nani, yule anakula nini, huyu dume ndiye anayejenga kiota na jike anakuja kukagua.

"Umesikia?" bibi harusi akamwambia mumewe. "Kajifunze."

"Mimi nimekujengea, wewe umekuja kukagua kila siku."

Darubini alikuwa ameikamata darubini yake kinyume, anasema ndege wa humu ni wadogo sana, serikali imetuletea vifaranga. Shemeji yake alicheka mpaka akashika kamba. Nami nilicheka. Nikageuka kushoto nimwambie mtu, kama ulivyo mwili wa mwanadamu, hausahau upesi. Kushoto palikuwa na matete.

Kwenye kibanda cha kwanza binti akauliza. "Mwenza yupo?" Bibi harusi akasema wangu yupo, bwana akasema wangu yupo. Mama akasema dada yangu yupo, kwa bahati mbaya. Darubini akasema shemeji yupo na ananidai chakula. Likazunguka kundi zima likaisha. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho binti hakukiona. Kila mtu aliulizwa mwenza wake, isipokuwa yule anayeuliza. Na wangu mimi ndiye yeye.

Sikusema. Ilinifaa.

Tulipofika mahali njia ya mbao inapokatiza tuta, nilipatambua kwa mti wa mkuyu uliopinda. Kundi lilikuwa limesimama mbele, wote wanaangalia mamba ambaye baadaye alikuwa gogo. Nikapita chini ya kamba nikashuka. Maji yalikuwa ya moto juu, ya baridi chini. Mguu ukatafuta, ukapata jiwe. Ukatafuta mwingine, ukapata. Nikasema moyoni, wee, mawe yapo!

Nikaenda. Matete yalikuwa yameingia tutani pande zote, natenganisha kwa mikono, yananichana. Maji chini ya goti. Baadaye kwenye goti. Mahali pengine tuta lilikuwa juu kabisa, nyasi tu na kinyesi cha ndege, ungeweza kutandika mkeka ukalala. Nyuma nikisikia sauti ya binti ikipungua, halafu ikawa haipo. Sikuwa na hofu. Hasira nilikuwa nayo, tena inakua kwa kila jiwe ninalolikanyaga gumu. Limezama! Nani alikuja kulikanyaga? Nani alivua viatu vyake vya kamba akashuka akaangalia? Walikaa ofisini wakaona maji kwa dirisha.

Palikuwa na sehemu moja mbaya. Karibu na mwisho mawe yalihama, nikazama mpaka mapajani, tope likanivua buti la kushoto. Nikashika matete nikajinasua nikapita. Nikasimama upande wa pili napumua. Halafu nikafikiri, hapa nimepita peke yangu. Baiskeli hapa isingepita. Ningembeba.

Basi nikarudi. Nikavuka tena ile sehemu mbaya kurudi nilikotoka, nikageuka, nikaweka mikono nyuma, vidole vimefungana, kama mtu aliyebeba mtu mgongoni. Nikainama kidogo, maana yeye alikuwa mwanamke wa mwili, hakuwa wa kudonolewa na kuku. Nikaingia topeni hivyo, bila kushika tete hata moja. Mguu wa kulia ukazama, nikangoja, nikapata chini pagumu. Wa kushoto. Nikayumba. Kama kuna mtu angeniona, mzee mzima katikati ya kinamasi amebeba hewa na kuiambia shikilia vizuri, angekwenda kuwaita ndugu zangu. Lakini nilipita. Nilipita naye.

Ng'ambo tuta linatokea nyuma ya zahanati. Nesi alikuwa anaanika mashuka. Msichana tu, bila shaka kahamishiwa juzi. Alinitazama kuanzia chini.

"Shikamoo. Baba umetokea wapi?"

"Marahaba. Huko."

"Huko hapapitiki."

"Nimepita."

"Umeumia? Miguu yote inatoka damu."

"Ni matete. Mwanangu, mgonjwa wa kifua akiletwa hapa, kifua kimembana, mnamfanya nini?"

"Unaye mgonjwa? Yuko wapi?"

"Nauliza tu."

Akaniangalia, nadhani aliona si wa kuuliza tu. Akasema, "Tunampa oksijeni. Na dawa ya kuvuta."

"Oksijeni mlianza lini?"

"Mimi nimeikuta. Mtungi wenyewe una kutu, wanasema ulikuwapo tangu zahanati inafunguliwa."

"Na anapona?"

"Akiwahi, wengi wanapata nafuu palepale, baba. Ndani ya dakika chache anaomba maji ya kunywa."

Akataka kunisafisha miguu. Nikakataa. Nikamsaidia kushika ncha ya shuka moja, tukaikunjua, ikaanikwa, nikaaga. Sikutaka kukaa. Nilikuwa na jibu langu na nilitaka kulifikisha getini likiwa bado na maji yake. Niliyajua ninayokwenda kusema, nilikuwa nimeyapanga miaka. Mhifadhi mkuu huja mwisho wa matembezi kupeana mikono na majirani, spika ziko wazi, watu wamejaa. Ningemwambia: nitazame suruali. Hiki ndicho kina cha tuta lako lililozama. Ungefungua mnyororo, mke wangu angeomba maji ya kunywa.

Nikarudi kwa njia ileile. Nilipokaribia njia ya mbao nikasikia watu. Kundi lilikuwa limeshazunguka na kurudi, limekaa kwenye kibanda kinachotazama tuta, wanakunywa maji yao ya chupa. Mimi niko ndani ya matete, hawanioni. Ningeweza kumgusa Darubini kwa fimbo.

"Haya jamani, tunarudi getini," binti akasema. "Mwenza yupo?"

"Wangu yupo."

"Wangu yupo, amelala."

"Dada yangu yupo, mwambie asininyang'anye chupa."

Ikazunguka, wakacheka, ikaisha. Binti akasema, kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri, "Tuko wote. Twende."

Tuko wote. Nilisimama majini nikaisikia hiyo. Nilikuwa nimepotea kutwa nzima na hakuna aliyepungukiwa. Sikuwalaumu, watu wa siku moja, sisi kwa sisi hatujuani. Lakini nilijiuliza, nyumbani kwangu nako nikikosekana, nani atajibu kwamba sipo?

Nikapanda mbaoni wakiwa wameanza kuondoka. Binti alikuwa wa mwisho, anaokota chupa walizoacha. Akanyanyua uso akaniona, matope mpaka kiunoni, buti moja, damu. Chupa zikamtoka.

"Baba! Ulikuwa..." Akageuka kuangalia kundi, akanigeukia. Nikaona akihesabu kichwani, akifika mahali palepale nilipofika mimi kwenye kibanda cha kwanza. "Mungu wangu. Ni mimi. Mimi ndiye mwenza wako na sikukuuliza."

"Usihangaike. Nilishuka mwenyewe."

"Ulikwenda wapi?"

"Zahanati."

"Kwa wapi?"

"Kwa tuta. Linapitika."

Alikaa kwenye benchi. Hakulia wala hakunibembeleza, na hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu angenibembeleza ningemkasirikia. Alisema tu, "Mtu wa kwanza aliyewahi kupotea humu, na ni wa kundi langu la kwanza."

"Sikupotea."

"Wao hawatasema hivyo." Akavua kitambaa chake cha shingoni akanipa nifute damu. "Kwa nini ulitaka kupita huko, baba?"

Nikamwambia. Kwa maneno machache, tukiwa tunatembea nyuma ya watu. Akanisikiliza bila kusema pole, mpaka mwisho akasema, "Basi waambie. Mimi siwezi kukuziba mdomo. Ningekuwa mimi na mama yangu, ningewaambia."

Getini spika zilikuwa zinaimba. Mhifadhi mkuu yupo, amenenepa, nywele zimeanza kuwa nyeupe, anapeana mikono na kila mtu kama bwana harusi. Alipofika kwangu mkono ukasimama njiani. Hakunikumbuka. Huyu mtu ambaye nimeamka naye na kulala naye miaka yote hii, uso wangu hakuujua.

"Mzee, vipi? Umeanguka?"

Watu wakanizunguka. Darubini akasema, "Ala! Huyu si alikuwa na sisi?" Nami nikafungua mdomo. Maneno yalikuwapo yote, kwa mpangilio wake, hakuna lililokosekana.

Kabla halijatoka hata moja, mhifadhi mkuu alikwisha kugeuza kichwa juu ya bega langu, anatafuta. "Nani alikuwa na huyu mzee? Kundi la nani hili?"

Hakuuliza nilikokuwa. Hakuuliza kina. Alikuwa anatafuta mtu. Nikaona vizuri kabisa itakavyokwenda: nitasema tuta linapitika, yeye atasema kumbe mwongozaji alimwacha mgeni aingie kinamasini, na jioni binti atavua yale mabuti. Kesho kutwa nimkute stendi ananigeuzia uso. Na mhifadhi mkuu atanipa pole kwa spika. Wa juu hawaangukiwi na kitu, wao ndio wanaoangusha.

Binti alinyoosha mkono juu. "La kwangu, bosi."

"Nimeteleza," nikasema. "Hapo nje tu, nikijisaidia. Binti alinivuta, bila yeye ningekuwa bado huko."

"Ah, mzee! Tuliwaambia mshike kamba," akasema mhifadhi mkuu, na watu wakacheka, naye akanipiga bega taratibu kama mtoto. Kisha akaenda kwa maharusi.

Binti alinitazama. Sikumpa nafasi ya kunishukuru, sikufanya vile nipate shukrani. Nilimrudishia kitambaa chake nikaondoka.

Nyumbani nilifika jua bado lipo. Nikakaa kizingitini, mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu. Nilitaka kumwambia mtu. Si wengi, mmoja. Nikampigia binti yangu, ambaye ameolewa mbali na alishaniambia mara nyingi, baba hilo jambo liache, utaugua. Nilidhani atafurahi kusikia kwamba baba yake hakuwa na wazimu.

"Nimepita tutani leo," nikamwambia. "Maji yako kwenye mstari mwekundu, mwanangu, kama siku ile. Nimepita mpaka ng'ambo. Nimepita hata na mikono nyuma."

Nikasikia akiweka chini sufuria.

"Walitudanganya. Linapitika. Na oksijeni ilikuwapo, nesi kaniambia, mtungi ulikuwapo siku zote. Mtu akiwahi anapona palepale."

"Kwa hiyo mama angepona," akasema.

Alisema polepole, kama anasoma neno gumu. Na hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Miaka yote hii yule mtoto alikuwa amemwamini mhifadhi mkuu. Tuta limezama, hakuna ambacho kingefanyika, mama alikuwa wa kwenda. Alikuwa amelala juu ya maneno hayo kama godoro, analea watoto wake juu yake, nami nimelivuta.

"Baba, uliwaambia?"

"Sikuwaambia."

"Sasa kwa nini umeniambia mimi?"

Nikasikia mtoto wake mdogo akimwita, nikamsikia akimwambia subiri, sauti imeshabadilika. Kisha akasema atanipigia, akakata. Nikabaki na simu sikioni, nikamngoja, na tope likinikaukia miguuni likaanza kupasuka.